Jogoo wa Ngombezi na Hukumu ya Ng'ambo

Tangu nianze kazi ya udalali wa mahakama, miaka kumi na saba sasa, sijawahi kukaribishwa chai na mtu anayeniangalia usoni. Wananikaribisha kwa adabu tu, huku jicho liko kwenye kochi wakijiuliza kama nitaondoka nalo. Nimezoea. Mimi ni Mpare wa Same, jina langu Kaleb, na watu wa hapa Korogwe husema kwamba Mpare kuwa dalali wa mahakama si ajira bali ni ugonjwa uliopata leseni. Waseme. Mimi kochi la mtu nalibeba kwa amri yenye muhuri.

Muhuri wa Bi Zamda ulikuwa wa nchi nyingine, na hapo ndipo nilipoanza kula hasara.

Aliingia ofisini kwangu Old Korogwe asubuhi ya Jumatatu. Mama wa miaka hamsini na kitu, khanga zimepigwa pasi, bahasha ya kaki kwapani. Alikuwa Mzigua wa Handeni, mama lishe, ametoka Chanika ya huko huko Handeni na gari la kwanza. Alikaa kwenye kiti bila kuegemea. Ndani ya bahasha mlikuwa na hukumu ya mahakama moja ya Kenya, kurasa kumi na moja za Kiingereza, na nyuma yake tafsiri ya Kiswahili iliyochapwa na mtu mwenye haraka zake.

"Nilishinda," alisema. "Miaka mitano iliyopita. Ila aliyeshindwa alirudi Tanzania wiki ile ile. Yuko Ngombezi. Nataka nishinde na huku."

Nikasoma. Bi Zamda na mumewe, Sadala, walikwenda Kenya zamani, kwenye mji mdogo wenye mashamba ya mkonge. Sadala alikuwa fundi wa mashine kiwandani, mkewe akafungua mgahawa karibu na geti. Rafiki mkubwa wa Sadala kule ugenini alikuwa Mathias, Mnyamwezi aliyezaliwa kambini Ngombezi, mjukuu wa wale manamba walioletwa kukata mkonge enzi za Mwingereza. Mzigua na Mnyamwezi ni watani, na mtani ana ruhusa ya kukutukana hata msibani, nawe unatakiwa ucheke huku machozi yanakutoka. Ndiyo kazi yake. Kisha unampa chake, kuku au hela kidogo, ananyamaza na maziko yanaendelea.

Sadala alifariki kwa kisukari. Jeneza lilipotaka kutoka ndani, Mathias alijilaza mlangoni, akagoma kupisha, akapaza sauti: "Huyu hakuugua. Ameuawa na chakula cha mke wake. Anayetaka kumfuata aende pale mgahawani akaagize wali." Angeyasema Handeni, watu wangeshika mbavu, shangazi mmoja angemrushia kuku, na mambo yangeisha. Kule waliojaa uani walikuwa wateja, wenyeji wa nchi nyingine, na hakuna aliyecheka. Waliinamisha vichwa kwa heshima, wakazika, na kesho yake hawakuja kula. Keshokutwa pia hawakuja. Baada ya miezi minne mgahawa ulifungwa, na Bi Zamda akaenda kushtaki.

Hakimu wa kule, mtu mwangalifu kwa jinsi alivyoandika, alimuuliza Mathias kama aliyasema maneno yale. Mathias akajibu kuwa aliyasema. Akaulizwa kama ana ushahidi kwamba chakula cha mdai kilimuua marehemu. Akajibu kuwa hana na wala hakuutafuta. Ukurasa mzima ulieleza utani, na mwisho wake hakimu aliandika kwamba mila hiyo haikuthibitishwa mbele yake. Fidia hakutoa, kwa kuwa mdai hakuwa na daftari la kuonyesha alichopoteza. Alitoa amri mbili. Ya kwanza, mdaiwa aende mwenyewe akayafute maneno yale kwa kinywa chake, mgahawani kwa mdai, mbele ya wateja. Ya pili, alipe gharama za kesi, shilingi za Kenya elfu thelathini na moja na mia tano.

"Mama," nilimwambia, "hiyo ya pili ndiyo yangu. Ya kwanza sijui."

"Ya kwanza ndiyo yangu," alisema. "Hiyo ya pili unaweza kuichukua yote."

Nilipaswa kumrudisha nyumbani siku ile ile. Lakini Mpare akiona kesi yenye nchi mbili ndani yake, mikono inamwasha. Nikampeleka kwa mtu wa kumwandalia maombi. Tukaambiwa kinatakiwa cheti cha mahakama ya kule, kuthibitisha kwamba hukumu ni yao na kwamba haijatekelezwa. Bi Zamda akapanda basi hadi mpakani Holili, akavuka, akakaa siku tatu, akarudi na cheti kisicho na tarehe. Akavuka tena. Mara ya pili alirudi na cheti chenye tarehe mbili, na karani akapokea ile iliyomfaa.

Siku ya kusikilizwa, mheshimiwa hakimu wa hapa Korogwe alivaa miwani, akasoma taratibu, kisha akavua miwani.

"Bi Zamda, nimekuelewa," alisema. "Tatizo ni sheria yenyewe. Hukumu ya nchi jirani tunaweza kuitekeleza hapa, lakini kifungu kinataja deni, fidia na gharama. Kinachovuka ni hela. Kufuta maneno hakumo."

"Kwa hiyo maneno yamebaki Holili?"

"Kisheria, ndiyo."

"Na yeye aliyeyasema alivuka bila kuulizwa?"

Mheshimiwa alitazama dirishani. Nadhani alitaka kucheka na kazi ikamkataza. Akaandika amri ya kukamata mali ya Mathias ili kulipia gharama, akanikabidhi mimi niitekeleze. Hivyo ndivyo ilivyo pale mpakani, nilimwambia Bi Zamda tukiwa nje: mahindi yapite, mbegu zibaki. Alikunja amri ile, akaitia ndani ya bahasha, akaenda kutafuta gari la Handeni.

Ngombezi nilikwenda Alhamisi kwa pikipiki. Kambini nyumba ziko kwenye mistari, zote zimejengwa sawa, ukikosea mlango unaingia kwenye maisha ya mtu mwingine. Mathias alikuwa nje ya mlango wake, mzee wa miaka sitini na tatu, mrefu, mkavu, ameinamia gurudumu la baiskeli ya mteja akiziba pancha.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mpare?"

"Umejuaje?"

"Umeshika karatasi kabla hujashika mkono wangu."

Nikamkabidhi karatasi. Aliisoma yote, mpaka jina la mchapaji. Kisha akaniletea kigoda na chai ya rangi, na kwa mara ya kwanza katika kazi hii mwenye nyumba aliniangalia usoni.

"Sasa nikwambie, mgosi," alisema. "Mimi ndiye ninayemdai Zamda. Anidaije yeye?"

"Unamdai nini?"

"Kuku. Nililala mlangoni kwake, nikafanya kazi yote ya mtani, sauti ikanikauka. Hakuna aliyenipa kitu. Kule hawakujua, na ndugu zake walikuwa huku. Mtani asipopewa chake, maneno yake hayajafungwa. Yako wazi mpaka leo. Na mimi siwezi kula nyumbani kwake mpaka yafungwe."

Kanuni hiyo ya kutokula sijawahi kuisikia mahali pengine popote. Huenda aliitunga pale pale, mbele ya chai yangu.

"Basi nenda ukamwombe radhi, muyamalize. Hata hiyo pesa anaweza kukusamehe."

Mathias aliweka tairi chini. "Hapo ndipo Wakenya walipokosea, na wewe naona unawafuata. Mtani haombi radhi. Nikimwomba radhi, maana yake siku ile sikuwa namtania. Maana yake nilimaanisha. Umenielewa? Kuomba radhi ndiyo kumtukana."

Nilimwelewa, na hilo ndilo lililonikasirisha. Mtu mmoja anataka neno moja, mwenzake akilitoa anaharibu zaidi, na mahakama za nchi mbili zimeketi katikati zikiwa zimeshika shilingi elfu thelathini na moja ambazo hakuna anayezitaka. Nikaamka nikaanza kazi yangu. Vifaa vya fundi haviruhusiwi kukamatwa, kwa hiyo pampu, spana na baiskeli ya kazi zikabaki. Kitanda na godoro pia sheria inakataa. Redio ilikuwa ganda tu, ndani amefuga mchwa. Nikazunguka nyuma ya nyumba, na huko nikamkuta jogoo.

Alikuwa jogoo mkubwa mwekundu, mkia mweusi, anatembea kama mwenye kambi. Nikamkamata kwa amri ya mahakama. Alinidonoa mara mbili. Mathias aliweka sahihi kwenye fomu, mahali pa maelezo ya mali nikaandika: jogoo mmoja, hai, mwenye afya.

"Mlishe vizuri," Mathias alisema. "Hali pumba peke yake."

Mali iliyokamatwa inatangazwa siku kumi na nne kabla ya mnada. Kochi ukiliweka stoo linakaa kimya. Jogoo anawika saa kumi alfajiri chini ya dirisha la mke wangu Asnath, anakula mtama wa shilingi mia tano kwa siku, na anapigana na majogoo ya majirani ambao nao wana ndugu mahakamani. Siku ya tano Asnath aliniuliza kama katika nyumba hii kuna mali nyingine ya Kenya inayotarajiwa, ili ajiandae. Nilikwenda kununua mtama.

Nikaona heri niende Handeni nimweleze Bi Zamda hali halisi, pengine afute maombi tupumue sote. Nilimkuta Chanika, kwenye mgahawa wake mpya wa mabati karibu na stendi. Meza nne, watu wawili. Alinisikiliza huku anachambua mchele. Nilipofika kwenye kuku anayedaiwa, mkono ukasimama juu ya ungo.

"Nimpe kuku? Yeye aliyenifungia mgahawa?"

"Anasema hawezi kuomba radhi. Anasema ni utani."

"Mimi ni Mzigua, Kaleb. Utani unanifundisha wewe?" Aliupuliza mchele, makapi yakaruka. "Siku ile mlangoni nilicheka. Wenyewe hawakuniona, nilikuwa nimejifunika. Nilicheka. Maneno ya Mathias hayakuniuma siku ile."

"Sasa kesi ya nini?"

Alipokea hela ya mteja mmoja, akangoja aondoke.

"Sadala alikatazwa sukari," alisema. "Daktari aliniita mimi, siyo yeye, akaniambia mama, mpishi ni wewe, dawa iko mikononi mwako. Nikaacha kumwekea. Akawa anakaa mbele ya kikombe amenuna kama mtoto, hasemi na mtu. Mimi sikuweza kumuona vile. Nikamwekea kijiko kimoja. Kimoja tu, asubuhi. Baadaye na jioni." Alichota kiganja cha mchele, akakirudisha. "Wateja walipoacha kuja, nikakaa peke yangu na yale maneno. Nikasema, na kama ni kweli? Sasa wewe niambie. Nani mwingine anaweza kuyafuta, kama siyo aliyeyasema?"

Nimebeba friji za watu zikiwa na chakula ndani, nimeng'oa milango, na siku zote nimelala usingizi. Lakini siku ile niliona aibu kumuuliza kuhusu kufuta maombi. Nilimwambia tu kwamba mnada wa jogoo ni tarehe kumi na sita.

Alikuja. Watu waliohudhuria mnada tulikuwa watatu: mimi, yeye, na mzee mmoja aliyekuwa anapita akasimama kwa sababu amesikia kengele. Mdai haruhusiwi kununua mali ya mdaiwa bila ruhusa ya mahakama, kwa hiyo Bi Zamda alikuwa ameandika barua kuomba ruhusa ya kununua kuku, na mheshimiwa alikuwa ameijibu kwa maandishi, akapiga muhuri. Barua hiyo ninayo, nitawaonyesha wajukuu. Mzee alisema elfu kumi na mbili. Bi Zamda akasema kumi na tano. Nikagonga.

Alimpokea jogoo, akamfunga miguu, akamgeuza kichwa chini.

"Mwambie Mathias aje Jumamosi, siku ya mnada wa ng'ombe," alisema. "Mwambie kuku wake yuko tayari."

Jumamosi ile Chanika ilijaa. Wamasai na fimbo zao, madalali wa ng'ombe, madereva wa malori wa kutoka mbali, wanunuzi wa mbuzi. Meza nne za Bi Zamda zilikuwa na watu kumi na wanane, na wengine wamesimama na sahani mkononi. Mathias alishuka kwenye pikipiki yangu akiwa na koti la suti na kofia. Njia nzima kutoka Korogwe hakusema kitu, na mimi nilianza kuwa na wasiwasi kwamba nimembeba mtu anayekwenda kuomba radhi.

Aliingia, akavua kofia. Wakaangaliana, yeye na Bi Zamda, kwa mara ya kwanza tangu mahakamani.

"Umezeeka," alisema Mathias.

"Na wewe bado ni mbaya."

Akakaa kwenye nafasi iliyobaki, meza ya katikati. Bi Zamda alimletea sinia peke yake: jogoo mzima, mchuzi wa nazi, wali, ndimu pembeni. Akabaki amesimama, mikono ameifuta kwenye khanga mara tatu. Mimi nilikuwa mlangoni na fomu yangu mfukoni. Mathias akanawa, akamega paja, akatia mdomoni, akatafuna macho yamefumba.

"Nyama hii naifahamu," alisema.

Akala. Alikula kama mtu aliyefunga miaka mingi, na huenda ndivyo ilivyokuwa. Alipomaliza paja la pili alisimama, akajifuta mdomo, nami nikasogea hadi karibu na meza yake.

"Ndugu zangu wateja," alipaza sauti. "Mimi naitwa Mathias wa Ngombezi. Nikifa leo njiani, msihangaike kutafuta ugonjwa. Ni chakula cha mama huyu. Ndicho kilichomuua mumewe. Uangalieni huu wali wake, unameremeta kama sanda."

Mgahawa ukanyamaza. Mtu mmoja meza ya mbele, mnunuzi wa mbuzi kutoka Kenya, alisogeza sahani yake mbele kidogo kwa vidole viwili. Nikamwona Bi Zamda anaangalia ile sahani. Nimekuwa dalali miaka kumi na saba na sijawahi kuona mtu amekamatwa mali yake yote kwa jicho namna ile.

"Wewe mzee kabila gani?" dereva mmoja wa lori aliuliza, mdomo umejaa.

"Mnyamwezi."

"Na mama?"

"Mzigua huyu. Huoni alivyonuna?"

Mgahawa mzima ukalipuka. Mtu alipaliwa, akapigwa mgongoni. Mmasai mmoja aliomba kuongezewa wali huo wa sanda. Dereva akamweleza yule Mkenya taratibu, kwa Kiswahili cha kumtafunia, kwamba hawa ni watani na hapa hakuna aliyeuawa. Mkenya alisikiliza kwa makini, akauliza kama basi polisi hawahitajiki, akaambiwa hawahitajiki. Akaivuta sahani yake, akaendelea kula. Alisema kwao mambo hayo yangefika mahakamani. Nikaangalia pembeni.

Bi Zamda hakucheka na wenzake. Alikuwa amekaa mbele ya Mathias, kwenye nafasi ambayo mtu alimpisha.

"Nilikuwa namwekea sukari," alisema kwa sauti ya chini. "Asubuhi na jioni. Daktari alinikataza, nikamwekea."

Mathias akakaa. Kofia akaiweka gotini.

"Vijiko vingapi?"

"Kimoja kimoja."

"Kimoja," alisema Mathias. Aliangalia mifupa kwenye sinia. "Zamda, kila siku saa kumi, kengele ya kiwanda ikigonga, mimi na Sadala tulikuwa tunakwenda duka la nyuma ya geti. Anakunywa soda mbili. Mimi ndiye niliyekuwa namnunulia. Alisema usimwambie Zamda, na mimi sikukwambia. Miaka mitatu. Soda mbili kila siku, siku za Jumapili tatu."

Bi Zamda alishika ukingo wa sinia.

"Siku ile mlangoni," Mathias aliendelea, "nilipiga kelele sana. Unakumbuka. Nilipiga kelele kuliko mtani anavyotakiwa. Niliona bora waangalie kwako."

"Kwa nini hukusema mahakamani?"

"Waliniuliza kama nilisema maneno yale. Nilisema. Soda hawakuniuliza."

Bi Zamda aliinua mkono, nikadhani atampiga kofi, na nadhani hata yeye alidhani hivyo. Mkono ukatua kwenye sinia, ukachukua shingo ya jogoo, akaanza kuitafuna. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Mathias naye alishusha kichwa na kuendelea na wali. Walikula hivyo, wawili, kwenye sinia moja, mpaka sinia likaisha. Mimi ndiye niliyeona aibu, nikatoka nje kuangalia pikipiki ambayo haikuwa na tatizo lolote.

Tulipokuwa tunaondoka Mathias alitoa pochi. "Shilingi ngapi?"

"Kuku ni wa kwako," alisema Bi Zamda. "Wali elfu tatu. Na wewe Kaleb, chai uliyokunywa mia tano."

Nikalipa. Wiki iliyofuata nilipaswa kurudisha taarifa mahakamani. Fomu ina sehemu mbili tu, imetekelezwa au haijatekelezwa, na nafasi ndogo ya maelezo. Niliikodolea macho karatasi hiyo moja usiku mzima. Kile ambacho sheria ilikataa kukivusha kilikuwa kimefika Handeni kikiwa kizima, kimekaa mezani, kimenawa mikono. Na kile ilichokivusha, shilingi elfu thelathini na moja na mia tano, sikuona hata senti yake. Jogoo aliuzwa elfu kumi na tano, mtama wake ulikula elfu saba, tangazo elfu sita, na tofauti ilikwisha kwenye mafuta. Nikaandika: mdaiwa hana mali inayoshikika, hukumu haijatekelezwa.

Nikampigia Bi Zamda simu kumshauri aandike barua ya kufuta maombi, faili lifungwe, kila mtu aendelee na maisha yake.

"Usilifunge," alisema.

"Mama, hela hizo hutazipata. Mzee hana kitu."

"Najua hana. Alikuja tena Jumamosi iliyopita, akaniambia amekuja kuomba muda wa kulipa. Nikampa muda. Akala, akanitukana, akaondoka. Jumamosi hii atakuja kuomba mwingine." Nikasikia sufuria linafunikwa upande wa pili. "Ukifunga faili, Kaleb, atakuja kwa sababu gani?"